Maswali ya Wasomaji: Ujuzi wa Kuanzisha na Kukuza Biashara ya Mtandaoni

Barua za safari hii zimetoka kwa mafundi, wauzaji na watu ambao ndio kwanza wanajipanga. Tumezipanga kwa mfuatano ambao tungependa mtu aifuate kazi yenyewe: kwanza bidhaa ionekane, kisha bei ikae sawa, ndipo tangazo lifuate.

SWALI: Nashona mikoba na nataka kuiuza mtandaoni. Mmoja ananiambia nijifunze kutengeneza tovuti, mwingine matangazo, mwingine kuhariri video. Mtaji wangu ni mdogo. Nianze na lipi? – Mshona mikoba

JIBU: Anza na picha na maelezo, tovuti isubiri. Mtu akiwa dukani huushika mkoba, huvuta mkanda, hufungua na kufunga zipu, hutia mkono ndani aone kama daftari litaingia. Mtandaoni mkono huo hana, na kazi yako ya kwanza ni kumwazima wako.

Simu ya kawaida inatosha. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole ndiyo inayoleta ule ukungu ambao wengi hudhani ni ubovu wa kamera. Weka meza kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, dirisha likiwa ubavuni mwa mkoba, si nyuma yake. Zima taa za ndani. Mwanga wa taa nyingi ni wa njano na wa dirisha unaelekea buluu. Kamera ikikutana na yote miwili hushindwa kuipatanisha, na mkoba wa kahawia hutoka mwekundu. Mteja akipokea rangi asiyoiona kwenye picha ataurudisha, na atakuwa na haki. Upande wenye kivuli simamisha karatasi ngumu nyeupe irudishe mwanga. Ukitaka kitu kionekane kwa karibu, sogea wewe. Usivute picha kwa vidole kwenye skrini, kwa sababu simu nyingi hapo hukata picha na kuikuza tu, na mshono unapotea.

Piga mbele, nyuma, ubavu, chini, ndani mkoba ukiwa wazi, mshono kwa karibu hadi uzi uonekane, na moja mtu akiwa ameuvaa ili ukubwa ueleweke. Hiyo ya mwisho wauzaji wengi huiruka, nayo ndiyo inayojibu "ni mkubwa kiasi gani?" Kabla ya kuzipandisha, punguza kila picha iwe na upana wa pikseli kama 1,500 na uzito usiozidi kilobaiti 300, la sivyo ukurasa utachelewa kufunguka kwenye simu.

Kisha maelezo. Linganisha: "Mkoba mzuri wa kisasa wenye ubora wa hali ya juu." Na hili: "Upana sentimita 34, kimo 28, kina 11. Unaingia kompyuta mpakato ya inchi 13. Turubai nene, bitana ya pamba, mkanda unaorefuka kutoka sentimita 70 hadi 120. Uzito gramu 620. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Usifue kwa mashine." La kwanza unaweza kulibandika kwenye mkoba wowote duniani. La pili linajibu maswali kabla hayajaulizwa, na lina maneno yaleyale ambayo watu huandika wanapotafuta bidhaa. Swali lolote ukiulizwa na wateja watatu, jibu lake liingie kwenye maelezo siku hiyohiyo.

SWALI: Bidhaa yangu inanigharimu 60. Naongeza asilimia 40, nauza 84. Mwezi ukiisha sioni faida. Nilitoa punguzo la asilimia 20, oda zikaongezeka, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Nakosea wapi? – Muuza viatu

JIBU: Umekosea mahali pawili. Kwanza, kuongeza asilimia 40 juu ya gharama hakukupi faida ya asilimia 40. Katika 84 unazopokea, 24 ndizo zako, yaani asilimia 28 na nusu hivi ya mauzo.

Pili, hizo 24 bado hazijalipa gharama zinazofuatana na kila oda. Tuchukue makadirio, wewe uweke namba zako halisi. Makato ya kupokea malipo asilimia 3: karibu 2.5. Kifungashio: 4. Kiatu kimoja katika kila 20 kinarudi na kukugharimu 20, kwa hiyo kila oda inabeba 1. Tangazo lililomleta mteja: 10. Jumla 17.5. Umebaki na 6.5, ambazo ndizo zinazotakiwa kulipa intaneti, kodi na muda wako.

Sasa lete punguzo. Bei inashuka hadi 67.2. Toa 60 za gharama, kisha 2 za makato, 4, 1 na 10, unapata hasara ya 9.8. Hapo kila oda iliyoongezeka ilikuongezea hasara, na ndiyo maana shughuli ilionekana kuchangamka huku mfuko ukikauka.

Panga bei kwa njia hii: jumlisha gharama ya bidhaa na gharama zisizobadilika za kila oda, kwako ni 60 na 15 (zile 4, 1 na 10), jumla 75. Toa kwenye 1 yale makato ya 0.03 na faida unayoitaka, tuseme 0.20, unabaki na 0.77. Gawa 75 kwa 0.77, upate bei ya 97.4 hivi. Kama wateja hawafiki hapo, usiteremshe bei tu ukiomba mambo yajipe. Jaribu kuuza jozi mbili kwa oda moja, au viatu pamoja na soksi na dawa ya kung'arishia, kwa sababu tangazo unalilipia mara moja na boksi linaweza kuwa moja. Hilo huokoa faida kuliko punguzo lolote.

SWALI: Nimelipia tangazo wiki mbili. Watu 400 wamebofya, walionunua ni 2. Nibadilishe tangazo? – Mwenye duka jipya

JIBU: Usiliguse kwanza. Tangazo limefanya kazi yake ya kuleta watu. Tazama walikwama wapi. Fungua takwimu za duka lako uandike namba nne: waliofungua ukurasa, walioweka bidhaa kwenye kikapu, walioanza kulipa, waliomaliza.

Ukikuta 400, 6, 4, 2, tatizo liko kwenye ukurasa wa bidhaa au tangazo linaahidi kitu kingine. Angalia picha, bei, na kama ukurasa unachelewa. Kipimo ambacho Google hukitumia ni sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5.

Ukikuta 400, 40, 35, 2, watu wanaitaka bidhaa na wewe unawazuia mlangoni. Mara nyingi sababu ni gharama ya usafirishaji inayojitokeza hatua ya mwisho kabisa. Iandike kwenye ukurasa wa bidhaa, hata kama ni kubwa. Anayekimbia kwa sababu yake angekimbia tu, lakini yule mwingine hatajiona amelaghaiwa. Sababu ya pili ni kumlazimisha mtu afungue akaunti kabla ya kununua. Ya tatu ni njia ya malipo inayogoma kwenye simu. Azima simu ambayo haijawahi kufungua duka lako, tumia bando badala ya intaneti ya ofisini, ununue bidhaa yako mwenyewe hadi risiti ifike. Fanya hivyo kila unapobadilisha chochote kwenye duka.

Kuhusu bei ya kubofya, hesabu ni fupi. Kama oda inakuachia 16 kabla ya tangazo, na watu 2 kati ya 400 wananunua, kila mbofyo una thamani ya 0.08. Ukilipa zaidi ya hapo unapata hasara. Ukirekebisha duka wakanunua 2 kati ya 100, mbofyo uleule una thamani ya 0.32. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, na usitoe hukumu kwa oda 3 dhidi ya 5. Tofauti hiyo huja yenyewe tu.

SWALI: Nauza mito ya viti. Mzigo una kilo moja na nusu lakini natozwa kilo tano. Ninaibiwa? – Fundi mito

JIBU: Hapana. Wasafirishaji wengi hutoza kwa uzito mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa ujazo. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 ni 24,000. Ukigawa unapata kilo 4.8, nao hukadiria kwenda juu. Toa hewa kwa mfuko wa kufyonzwa hadi kimo kiwe 10, uzito wa ujazo unashuka hadi 2.4. Lakini jaribu kwanza mto mmoja: uache umebanwa siku tano, uufungue, utazame kama unarudia umbo lake. Uliza pia kigawanyo cha msafirishaji wako, kwani si wote wanaotumia 5,000.

SWALI: Ukurasa wangu wa mtandao wa kijamii wenye wafuasi 8,000 umefungwa ghafla. Biashara yote ilikuwa humo. Nifanye nini ili yasinikute tena? – Muuza vipodozi

JIBU: Pole sana. Wafuasi wa mtandao wa watu wengine ni kama wateja wa baraza ya kuazima. Hata bila kufungiwa, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizimika kwa saa sita hivi kwa pamoja, na aliyekuwa na njia hizo tu hakuweza hata kuwaambia wateja oda zao ziko wapi.

Nunua jina la tovuti lako, lisajiliwe kwa jina na barua pepe yako, si ya fundi aliyekutengenezea. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti, na zile namba za dharura unazopewa unapouwasha ziandike kwenye karatasi. Simu ikipotea hizo ndizo ufunguo. Kisha kusanya anwani za barua pepe za wateja kwa ridhaa yao, na kila mwezi pakua orodha uihifadhi nje ya huduma unayoitumia.

Barua hizo zitume kutoka kwenye jina la tovuti yako, si anwani ya bure. Mwambie fundi aweke kumbukumbu tatu kwenye mipangilio ya jina hilo: SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, sahihi ya kidijitali ya kila barua, na DMARC, inayomwelekeza mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na zote tatu, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hata mtumaji mdogo akipuuza, barua zake huweza kuishia kwenye taka bila yeye kujua.

SWALI: Mteja alinitumia picha ya ujumbe wa malipo, nikatuma mzigo, pesa haikuwapo. – Muuza simu

JIBU: Picha ya ujumbe hutengenezwa kwa dakika mbili. Fungua akaunti yako mwenyewe, uone salio na jina la mlipaji, ndipo ufunge mzigo. Jihadhari pia na anayedai amelipa zaidi kimakosa na kukuomba umrudishie tofauti upesi. Mara nyingi malipo yake ya kwanza hubatilishwa baadaye, na uliyorudisha imekwenda.

SWALI: Oda zimeongezeka, sasa bidhaa zinaisha bila kujua na nafunga mizigo kimakosa. Ninunue programu? – Muuza vifaa vya shule

JIBU: Bado. Lahajedwali, kama la Excel, linatosha kwa bidhaa mia moja. Kila bidhaa ipe msimbo mfupi unaotaja aina, rangi na ukubwa, mfano DAF-BU-A5 kwa daftari la buluu la A5, ubandikwe kwenye rafu na uandikwe kwenye oda. Kisha weka kiwango cha kuagiza upya: ukiuza 4 kwa siku na mzigo mpya huchukua siku 10, unahitaji 40, kama hucheleweshwa siku 3, ongeza 12. Stoo ikifika 52, agiza. Wakati wa kufunga, soma msimbo kwenye oda, kisha kwenye bidhaa, na upige picha ya boksi likiwa wazi kabla ya kubandika gundi, ili mteja akisema kimoja kimekosekana muwe na cha kutazama pamoja.