Maswali ya Wasomaji: Snea za Zamani, Unalipia Mlio au Unalipia Kromu?

SWALI: Nimeonyeshwa snea mbili (zile ngoma ndogo zenye nyaya chini) za kampuni ya Kimarekani ya Ludwig, za miaka ya 1960, zote za inchi 14 kwa 5. Moja ni Supraphonic 400 inayong'aa, nyingine ni Acrolite ya kijivu. Muuzaji anataka zaidi ya mara mbili kwa ile Supraphonic. Je, na mlio wake ni bora mara mbili?

Hapana. Mwili ni ule ule: alumini nyembamba isiyo na mshono, yenye tuta moja linalozunguka katikati. Supraphonic ikapakwa kromu na kupewa lagi 10, yaani vile vikono vya pembeni vinavyopokea skrubu za kukazia ngozi. Acrolite ilikusudiwa wanafunzi, kwa hiyo haikupakwa kromu na ikapewa lagi 8. Vyuma vinavyobebwa na mwili vikipungua na kromu ikikosekana, mlio unakuwa mkavu kidogo na kukatika mapema. Supraphonic inabaki na mvumo mrefu zaidi, na kwa lagi 10 ni rahisi kuikaza juu sana bila ngozi kupinda. Tofauti ipo, lakini ni ya kijiko, si ya ndoo.

Usizilinganishe zikiwa na ngozi zilizokuja nazo. Ngozi iliyochakaa juu ya snea nzuri hushindwa na ngozi mpya juu ya snea mbovu, na wauzaji wanalijua hilo. Zivishe zote mbili ngozi mpya za aina moja: ya juu iwe ya safu moja, yenye rangi ya kukwaruza, ya chini iwe ile nyembamba kabisa ya snea. Nyaya za chini nazo ziwe za idadi moja, 20 ni za kawaida. Kaza ngozi, kisha gonga kwa ncha ya fimbo sentimita 3 kutoka ukingoni mbele ya kila skrubu hadi sauti zilingane. Usihesabu mizunguko ya skrubu, maana 8 na 10 hazigawi mvuto sawa; tafuta noti moja kwa sikio. Piga taratibu sana kwanza. Kwenye mapigo madogo ndipo snea inajieleza. Ukipiga kwa nguvu zote, karibu kila snea ya inchi 14 inasikika ya maana.

Kama mfuko hauruhusu, chukua Acrolite bila kuona haya. Atakayenunua ili kuuza baadaye, hiyo ni hesabu nyingine: Supraphonic ina wanunuzi wengi zaidi siku zote.

SWALI: Nitajuaje snea ya kromu ni ya shaba, alumini au chuma bila kuikwangua?

Sote tunasema "snea ya chuma", lakini nyingi kati ya zinazogombaniwa hazina chuma mwilini. Anza na sumaku, uiweke upande wa ndani wa mwili, mbali na lagi na rimu, yaani pete inayobana ngozi. Ikinata kwa nguvu, ni chuma. Ikivutwa kidogo tu kisha ikateleza, usikurupuke: chini ya kromu mara nyingi huwa kuna tabaka la nikeli, nayo huvutwa na sumaku.

Ikikataa kabisa au ikivutwa kidogo, umebakiwa na shaba njano au alumini. Shaba njano ina uzito mara tatu hivi ya alumini kwa ujazo ule ule (gramu 8.5 dhidi ya 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo), kwa hiyo mkono wako utaanza kukuambia. Uthibitisho uko tunduni. Fungua skrubu moja ya ndani inayoshika lagi, mulika tochi, tazama ukingo wa tundu pale keekee ilipokata. Utaona uzi mwembamba wa metali tupu: wa manjano ni shaba, wa kijivu cheupe ni alumini.

Kwa nini ujisumbue? Karibu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ludwig walitengeneza snea ya umbo hili la Supraphonic kwa shaba iliyopakwa kromu, kisha wakahamia alumini yapata 1963. Kwa mbali zinafanana kama pacha, lakini ya shaba ina mlio mzito na wa chini zaidi, na bei yake iko juu. Beji, kile kibati cha jina la kampuni pembeni mwa mwili, ikiwa haina namba ya mfululizo ni dalili nzuri, kwani namba zilianza kuwekwa kipindi hicho hicho. Ila beji hubanduliwa na kuhamishwa; tundu halidanganyi.

SWALI: Kromu ya Supraphonic yangu ina vipele na imeanza kubambuka. Niisugue, au niipeleke ikapakwe upya?

Usifanye lolote kati ya hayo. Kromu haishiki vizuri kwenye alumini. Jasho na unyevu hupenya kwenye vitundu visivyoonekana, alumini iliyo chini inaanza kuliwa, na ule unga mweupe unaozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hivyo unaisukuma kromu juu. Kinaanza kipele kama punje ya chumvi, halafu gamba linaloinuka ukilipitishia ukucha. Ukisugua kwa karatasi ya alumini, mbinu inayofaa kwa kutu ya rimu za chuma, utayang'oa magamba yaliyokuwa bado yameshika. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu, kausha mara moja, basi.

Vipele havigusi mlio, isipokuwa vikifika kwenye kingo ngozi inapokalia. Vinagusa bei tu, na kwa mpigaji anayenunua hiyo ni habari njema. Kupaka upya ndiko kunakoua thamani ya mkusanyaji, maana mwili lazima ukwanguliwe kwanza.

SWALI: Na Dynasonic, snea ya zamani ya kampuni ya Rogers, inastahili bei yake?

Ya shaba iliyopakwa kromu, ikiwa na fremu yake ya chini, ndiyo. Fremu hiyo hushika nyaya zikae sambamba na ngozi bila kuibana, na ndiyo sababu snea inajibu hata ukiigusa kwa brashi. Fremu ikikosekana, umenunua nusu ya snea. Kagua pia lagi: zile za mwanzo za shaba iliyofinyangwa hupasuka. Zimulike moja moja.

SWALI: Nibadilishe mkono wa kuzimia nyaya (ule wa pembeni unaozibana au kuziachia kwenye ngozi) unaoteleza?

Badilisha, lakini chagua unaoingia kwenye matundu yaliyopo. Tundu jipya mwilini halifutiki, na kila mnunuzi ataliona. Ule wa zamani utie kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, uende na snea siku ukiiuza. Skrubu za kukazia za snea hizi za Kimarekani kwa kawaida ni za meno ya 12-24, kipimo cha Kimarekani. Ukilazimisha za milimita 5 au 6, utaharibu nati iliyo ndani ya lagi.

Na kama lagi zinanguruma, kabla ya kulaumu nyaya, fungua moja. Ndani mna springi. Ifunge kipande kidogo cha sponji, rudisha, sikiliza tena.