Bunduki ya Kaboi: Walionicheka Sasa Wanauliza Bei

Jumamosi iliyopita wamiliki wa silaha tulikutana kwenye uwanja wa shabaha, kila mtu na leseni yake mfukoni. Wenzangu walikuja na vyuma vya gharama: shotgun zinazojikoki zenyewe, rifle zenye darubini. Nilipofungua mkoba na kutoa bunduki yangu ya wenzo, yaani ya kukoki kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini yake, kitako cha mbao na mtutu mfupi, miguno ikaanza. Shemeji yangu akapaza sauti hadi mama muuza soda akageuka: "Shemeji, leo tunaigiza picha ya kaboi?"

Tulilenga mita 50, tumesimama, bila kuegemea kitu. Nikawa wa pili. Aliyenishinda ni askari mstaafu, na huyo hata ukimpa manati atakushinda. Shemeji alikuwa wa ngapi sitasema, maana Krismasi tutakula sahani moja.

Tangu hapo simu haipoi. Kijana mmoja wa Geita ameniandikia: "Kaka, nina hela ya kawaida tu. Nichukue hiyo ya kaboi, au nisubiri nijazie nipate shotgun?" Jibu ni fupi: chukua ya kaboi. Maelezo ndiyo marefu, na najua nyote mnaonifuatilia swali lenu ni hilohilo, hata kama mnaona aibu kuliuliza.

Nilianza kuitafuta silaha baada ya kuibiwa ng'ombe kule Misungwi. Sungusungu walihangaika porini usiku kucha wakarudi na kamba tu. Mambo ya leseni nayaruka. Anayeyataka aende serikali ya mtaa na polisi, aulize, apange foleni, avumilie. Mimi nilivumilia. Nilipoipata karatasi, fedha iliyobaki haikutosha ile niliyoitamani dukani. Muuzaji akanionyesha hii. Bei yake haikufika nusu ya ile ya shemeji.

Umbo lake ni la zamani. John Browning aliichorea kampuni ya Winchester mwaka 1892, na hadi leo viwanda kama Rossi wa Brazil na Chiappa wa Italia wanatengeneza nakala zake. Yangu ni nakala mojawapo, ya nani nitakaa nayo mwenyewe. Ukisukuma wenzo mbele, ganda linaruka nje. Ukiurudisha, risasi inaingia chemba, kile chumba chake nyuma ya mtutu, na nyundo inabaki imeinuka. Hakuna gesi, hakuna betri. Mtumia mkono wa kushoto naye anaikoki vilevile.

Yangu inakula .357 Magnum, risasi ya bastola ya mwaka 1935, na inakula pia .38 Special ambayo ni fupi zaidi. Hapo ndipo akiba ilipo. Mazoezi ni ya .38: bei ya chini, kishindo kidogo, bega halilalamiki. Ile .357 ikipita kwenye mtutu wa inchi 20 hutoka kwa kasi ya karibu mita 550 kwa sekunde, wakati bastola ya inchi 4 huipa kama 380. Risasi ni ileile, mtutu ndio umeipa nafasi ya kusukumwa. Ila usije ukaigeuza rifle ya masafa marefu. Ikivuka mita 100 risasi inaanguka sana, na wewe unaanza kubahatisha.

Kabla ya kupenda bunduki, uliza risasi zake dukani. Nimemwona mtu amenunua wenzo mzuri wa .45 Colt, sasa umekaa kabatini kama sahani za wageni. Na magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu, risasi zinapangana pua kwa kitako. Pua ikiwa kali inaweza kugonga fataki, ile ya kuwasha baruti kwenye kitako cha risasi iliyo mbele yake, ikalipuka. Kwa hiyo ni pua bapa tu, siku zote, hata muuzaji akikuapia.

Sasa niseme ukweli kuhusu bei ndogo. Siku ya kwanza wenzo ulikuwa mgumu kama mlango wenye kutu, na kijilango cha kujazia risasi ubavuni kilinichana kidole gumba. Mtu wa haraka angeirudisha dukani au angeitukana. Mimi niliilipia kwa mikono. Jioni, baada ya kuhakikisha chemba na magazini ni tupu na risasi zimefungiwa chumba kingine, nilikuwa nikikaa barazani Nyegezi, hapa Mwanza, na kuuvuta wenzo taratibu, mbele nyuma, mbele nyuma, na tone la mafuta. Vyuma vinasuguana, vinazoeana. Mke wangu alisema nimepata mke mdogo. Baada ya muda ukalainika kiasi kwamba mzee jirani aliujaribu akasema, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "hii umeibadilisha." Sikuwa nimebadilisha hata skrubu.

Kijilango kile nilikipitisha msasa laini kwenye kingo tu, nikizizungusha ili vidole vyangu visichanike tena. Kiplastiki kinachosukuma risasi ndani ya bomba nikakibadili kwa cha chuma. Wenzo nikauvalisha kamba ya ngozi, kwa sababu vidole vinaumia ukifyatua sana. Halafu kitu kilichonipa ile nafasi ya pili: kilengeo cha nyuma chenye tundu. Kile cha kiwandani kina mfereji mdogo, na macho ya mtu aliyevuka arobaini hayawezi kushika mfereji, ncha ya mbele na shabaha kwa wakati mmoja. Kwenye tundu jicho linajipanga katikati lenyewe, nawe unaiangalia ncha ya mbele tu. Gharama yake ni ndogo kuliko mkoba wa bunduki ya shemeji. Mkoba tu.

Kazi zote hizo ni za nje. Kwenye mtutu, chemba na namba ya bunduki usiguse kitu. Hiyo ndiyo silaha iliyoandikwa kwenye leseni yako, na ukiigeuza utakuwa na silaha ambayo polisi hawaijui. Ukiwa na shaka nenda kawaulize kabla ya kushika zana.

Na kifyatulio usimwachie kila anayejiita fundi. Mimi nilimpelekea mmoja hapa mjini, mwenye sifa nyingi na maneno mengi, nikamwomba anisafishie kutu kwenye springi. Akaamua kunifanyia hisani: akasugua jino linaloshikilia nyundo, ili kifyatulio kiwe chepesi. Nyumbani, bunduki tupu, nilipiga kitako sakafuni kidogo tu na nyundo ikaanguka yenyewe. Fikiria ingekuwa na risasi. Nilipomrudia aliniambia mimi sijui bunduki. Nilinunua jino na nyundo vipya kwa fedha yangu, pole sikupewa, na mpaka leo tukikutana sokoni Kirumba anajifanya anachagua dagaa.

Adui mkubwa zaidi wa huku kwetu ni ziwa. Chuma kilichopoa ukikiingiza kwenye hewa ya joto yenye unyevu kinatoka jasho. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi inanywa unyevu na kuushikilia pale pale. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ulipoishika, maana chumvi ya mkono inatosha kuanza kutu. Kusafisha mtutu wa bunduki hii kwa fimbo ni lazima upitie mdomoni, nyuma hapafunguki kirahisi, na fimbo ya chuma ikikwaruza ukingo wa mdomo risasi zitaanza kupotea njia. Tumia kamba ya kuvuta, kutoka chemba kwenda mdomoni. Ukipiga .38 nyingi, sugua chemba vizuri kabla ya kurudi kwenye .357, zile fupi huacha duara la masizi ambapo ndefu hukwama.

Nimeona wengine wanaitafuta hii kwa ajili ya viboko wanaokula mpunga. Acha. Kiboko ni wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, piga simu, subiri. Risasi ya bastola kwa kiboko ni kumkasirisha tu, halafu ukikutwa ni kesi. Na ninyi mnaopita na silaha kiunoni hadi baa za Igoma ili mhudumu awaone, mnatuharibia sisi wote. Mlevi mmoja akifyatua juu, kesho tunaoitwa kuhakikiwa ni sisi tusiokunywa. Pombe na bunduki vikae nyumba mbili. Bunduki ifungiwe, funguo zikae na mwenye leseni, watoto wasijue zilipo, na shemeji asijue.

Kijana wa Geita, ukipata leseni niandikie tena. Nitakupa jina la duka la kilengeo na la fundi mzee ninayemwamini. Yule mwingine utamjua mwenyewe: ndiye atakayekuambia kifyatulio chako ni kigumu kabla hujafungua mkoba.