Jibu: Kupima bomba la PVC kwa kompresa, ACHA HAPO HAPO

Zima hiyo kompresa kwanza ndo usome. Eti maji hapo saiti ni shida, unataka kupima laini ya PVC, bomba la plastiki, ya inchi 4 kwa hewa hadi presha ya baa 6, unauliza ufunge geji gani na uishikilie presha muda gani. Mi nilifanya hivyo hivyo, kovu ninalo mkono wa kushoto.

Fomeni wetu, mtu wa maneno mengi kuliko spana alizowahi kushika, alituambia hewa ni safi, haichafui mtaro, ikivuja si inatoka tu. Inatoka tu! Tukajaza, sindano ya geji ikapanda vizuri, nami nikachuchumaa na sponji ya sabuni natafuta mapovu kwenye elbo. Kumbe kifuniko cha mwisho gluu haijashika, kikachomoka kwa mlio kama tairi la lori, laini ikaruka, bomba likavunjika vipande vyenye ncha kama chupa. Kifuniko tulikiokota ng'ambo ya uzio. Sponji bado nilikuwa nimeing'ang'ania, sijui nilitaka kumsugua nani. Fomeni yeye yuko ofisini anajaza fomu kwamba laini imefaulu.

Hakuna aliyeniambia kwamba maji karibu hayabanwi, kwa baa 10 yanapungua chini ya sehemu moja katika elfu, kiungo kikiachia yanamwagika kidogo sindano inaanguka, kwisha. Hewa ni springi, umeikandamiza humo na yote inataka kutoka kwa mpigo. Na PVC haivimbi ikakuonya. Hata wenye bomba za chuma, ASME B31.3, kanuni ya Kimarekani ya mabomba ya viwandani, kupima kwa maji inawapa mara 1.5 ya presha ya muundo (ile bomba lilisanifiwa kubeba) ila kwa hewa inaanzia mara 1.1 tu, wanafunga valvu ya usalama na watu wanakaa mbali, hakuna wa sponji.

Maji, basi. Leta hata kwa boza. Jaza taratibu kutokea chini, valvu ya juu iwe wazi mpaka yatoke bila kutematema, maana hewa iliyobaki humo ni springi ile ile. Ukiona unapampu weee na sindano inapanda kivivu, bado ipo, rudi ukaitoe.

Halafu nijibu, hiyo laini ushaijaza au bado?? Kama tayari usiguse kifuniko, usigongegonge, toa hewa kidogo kidogo upande wa kompresa na usisimame usawa wa mwisho wa bomba.