Mock zangu za GMAT zimegoma kwenye 515, Data Insights inanimaliza, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nafanya kazi benki hapa Mwanza, nataka kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) chuo cha INSEAD kule Ufaransa na nina miezi minne ya kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara. Mock (mtihani wa majaribio) ya kwanza nilipata 505, ya pili 515. Hesabu sio mbaya ila Data Insights, kile kipande cha kuchambua data na majedwali, muda unaniishia, mara zote mbili nimeacha kama maswali matano sijayagusa. Nasoma saa tatu kila usiku nikitoka kazini, maswali 40 kwa siku, natumia vitabu alivyoniachia kaka yangu aliyefanya mwaka 2021. Niingie tuisheni au niongeze maswali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiongeze maswali, punguza, tena punguza nusu nzima.

Kwanza hivyo vitabu vya kaka. Mtihani alioufanya yeye haupo tena, tangu Februari 2024 umebaki mfumo mpya tu: maswali 64, vipande vitatu vya dakika 45 kila kimoja, Quant (hesabu) maswali 21, Verbal (lugha) 23, Data Insights 20. Jometri imeondolewa, kusahihisha sentensi kumeondolewa, insha nayo imeondolewa, kwa hiyo kama kila usiku unakokotoa pembe na duara unachoka bure kabisa. Afu yale maswali ya kupima kama taarifa ulizopewa zinatosha, ambayo kwenye vitabu vyake yapo upande wa hesabu, yamehamia Data Insights, yaani hapo hapo unapoumia. Na akikwambia alipata 700 usijilinganishe nayo, skeli imebadilika, sasa inaishia 805, ile 700 ya zamani leo inakaribiana na 645.

Sasa tuje kwenye hayo maswali matano, maana kiukweli hapo ndo maksi zako zinavujia. Vipande vyote vitatu vina uzito sawa, so Data Insights ni theluthi ya matokeo yako, na kuacha maswali bila kujibu kuna adhabu kali kuliko kukosea. Huwezi pia kuruka swali ukasema nitalirudia, lazima uchague jibu ndo linalofuata lifunguke. Unachoruhusiwa ni kuliwekea alama, na muda ukibaki mwishoni unarudi unabadilisha majibu yasiyozidi matatu. Nawajua watu wa benki, jioni hesabu ikipungua hata shilingi mia hamtoki mpaka ionekane, na tabia hiyo ni nzuri sana kazini ila humu inakuumiza, maana swali moja ukiling'ang'ania dakika sita limekula maswali mengine mawili ambayo pengine ungeyapata. Dakika mbili na nusu zikipita hujaona njia, chagua moja, weka alama, songa. Saa ikionyesha zimebaki dakika 30 uwe umemaliza maswali sita au saba, zikibaki 15 uwe umemaliza 13. Ukiwa nyuma hapo, swali la jedwali refu linalofuata libahatishie tu uokoe mengine.

Ngoja nikuonyeshe swali moja la kupima kama taarifa zinatosha ujue mtego ukoje. Kalamu ni sh 300, daftari sh 700. Juma kanunua kalamu ngapi? Taarifa ya kwanza: jumla katumia sh 2,900. Taarifa ya pili: kanunua vitu 7. Wengi wanaona vitu viwili visivyojulikana, wanataka milinganyo miwili, wanajibu kwamba zinatosha zikiwa pamoja, na wamekosa. Kalamu hainunuliwi nusu, kwa hiyo jaribu ya kwanza peke yake: daftari 1 inabaki 2,200, haigawanyiki kwa 300. Daftari 2 inabaki 1,500, kalamu 5, sawa. Daftari 3 inabaki 800, haiendi, daftari 4 inabaki 100, haiendi, na bila daftari hata moja 2,900 nayo haiendi. Njia ni moja tu, taarifa ya kwanza inatosha yenyewe. Ya pili peke yake haikwambii kitu. Umeona eeh, hapo shida haikuwa kukokotoa, ilikuwa kuharakia umbo ulilolizoea. Kikokotoo kwenye Data Insights unapewa (kwenye Quant hupewi) ila kwa swali kama hili hakikusaidii chochote.

Ndo maana nasema upunguze. Fanya maswali 15 hadi 20 kwa usiku kwa kuhesabu muda, saa iliyobaki andika kila ulilokosa kwenye daftari: nilifikiri nini, ni wapi nilipaswa kusita, na nilitumia dakika ngapi, hata lile ulilopata kwa kubahatisha liandike. Baada ya siku kumi yarudie yale yale bila kuangalia majibu. Mtu akifanya hivi wiki tatu anaanza kuona makosa yake ni aina nne au tano tu zinazojirudia, na hapo tuisheni ina faida kwa sababu unamfuata mwalimu na kitu mahsusi. Ukienda sasa hivi utafundishwa asilimia na uwiano ambavyo wewe wa benki unavijua tayari.

Mock moja kila baada ya wiki mbili inatosha, Jumamosi asubuhi ukiwa umelala vizuri, simu nje ya chumba. Mpangilio wa vipande unachagua mwenyewe, wewe jaribu kuanza na Data Insights wakati kichwa bado kibichi, halafu ile mapumziko ya dakika 10 ichukue kabla ya kipande cha mwisho.

Tarehe ya mtihani usiipange mwishoni mwa mwezi wa nne wa maandalizi yako, panga mwishoni mwa wa tatu, kwa sababu ukitaka kurudia lazima zipite siku 16. Na jina utakalojisajilia lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti yako.