Fundi Anajibu: Lori la jeshi linakula betri upande mmoja

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nabeba kokoto na mawe huku Igoma, nina Bedford ya jeshi la Uingereza nilichukua kwa jamaa aliyeitoa Kenya. Gari ngumu sana, mlima hauisumbui, shida yake betri tu. Ziko mbili za volti 12 zimeungwa kutoa 24, sasa ile yenye waya wa bodi inakufa, nimeshabadilisha mara tatu ndani ya mwaka na nusu, na mwenzake ni ile ile ya siku nilipochukua gari, haijawahi kuzingua ila inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Fundi wa huku kapima chaji kakuta 28, kasema iko poa, eti nauziwa betri feki. Feki mara tatu kweli? – Dereva, Igoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Feki zipo mjini lakini hii sio feki. Kuna kitu hujaandika na naweka dau la sato mzima wa pale mwaloni Kirumba: una redio humo ndani. Redio ni ya 12, gari ni ya 24, kwahiyo mtu kachukua waya pale katikati betri zinapoungana akalisha redio, baadae na spika, baadae na chaja za simu za vibarua wote. Nimeshakuta hiyo waya kwenye magari mengi tu, mara nyingine imezungushiwa mfuko wa rambo.

Sasa angalia kinachotokea. Redio inakula betri moja tu, ile ya upande wa bodi. Ukiwasha gari, chaji inapita kwa zote mbili kiasi kile kile, ni kama vijana wawili unawapakulia ugali sawa wakati mmoja kapasua mawe asubuhi nzima na mwenzake alikuwa kalala. Aliyelala anashiba mapema, volti zake zinapanda, anaanza kuchemka, ndo hayo maji unayoongeza kila siku, na altaneta, ile mashine ya kuchaji, haimjui nani ni nani, inaangalia jumla tu, ikiona 28 inalegeza. Hiyo 28 ya fundi wako inaweza kuwa 15 na nusu huku na 12 na nusu kule! Mita haijadanganya, fundi kapima jumla tu. Yule mwenye njaa anabaki na njaa miezi kwa miezi, sahani zake za ndani zinaota chumvi ngumu, basi tena.

Kuhakikisha ni rahisi. Laza gari usiku bila kuwasha chochote, asubuhi pima kila betri peke yake. Iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.7, ukikuta mwenzake yuko 12.0 huyo kabakiwa na kama robo. Toa hiyo waya ya katikati leo hii, nunua konveta ya 24 kwenda 12, redio ilishwe hapo. Betri nunua mbili kwa mpigo, aina moja, ampea sawa, najua inauma mfukoni, ila ukifunga mpya na hiyo kongwe iliyochemshwa mwaka na nusu utarudi kuniandikia. Kabla ya kufunga, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya 12 mpaka ijae, kama ni ya ampea 100 ichaji taratibu kwa ampea 10 hivi, usiwaruhusu wakupigie chaji ya fasta ya nusu saa.

Na kufungua, hasi kwanza, kufunga hasi mwisho. Nikiwa kijana gereji nilianza na chanya, spana namba 13 ikagusa bodi ikagandia pale pale kama imechomelewa, kidole kina alama mpaka leo.

SWALI: Fundi, lori letu la jeshi likizima huku Nansio naweza kulibusti na Noah? Na lile tundu la duara lenye pini mbili nje ya kebini ni la nini?

JIBU: Noah ni 12, hiyo ni 24, ukiziunga moja kwa moja unaweza kuunguza vifaa vya Noah na ugomvi na mwenyewe. Tafuta fuso au lori lolote la 24. Tundu ndo la kazi hiyo hiyo, jeshini wanachomeka kebo nene gari kwa gari bila kufungua boksi la betri, wakati mwingine ni usiku na mvua. Ukipata kebo yake, mmoja kati ya wenzako wa hapo kisiwani atakushukuru siku moja.

SWALI: Betri ikichoka tunaongezea asidi inaamka, ni sawa?

JIBU: Inaamka siku mbili. Kinachokauka ni maji, asidi imebaki humo humo, ukiongeza nyingine unakula sahani za ndani. Weka maji ya betri, yafunike sahani tu, usijaze mpaka shingoni, lori likipiga rasta la Sengerema yatamwagikia fremu.