Usipeleke lehemu ya redio kwenye fedha

Weka chini huo waya! Umeuliza tochi ipi ya moto, tofali gani la kuwekea kazi na tindikali ipi ya kusafishia ili uunge bangili ya fedha hapo nyumbani Kampala, halafu ukapitisha kimyakimya kwamba lehemu, yaani metali ya kuyeyusha kwenye kiungo, umeshanunua, ile ya mafundi redio, kwa kuwa mwenye duka kakwambia lehemu zote ni moja. Hapo nikaacha matoke yangu yapoe.

Na mimi niliuziwa hivyo hivyo, na bwana mwenye uhakika kuliko daktari. Waya ule ni bati na risasi, ile metali laini, si ya bunduki. Unayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi, unashika upesi, unajiona sonara. Bangili ilikuwa ya mama mkwe. Kiungo kilipoachia nikanunua lehemu halisi ya fedha, nikawasha tochi juu ya mabaki yale yale. Sasa sikiliza: lehemu ya fedha inataka nyuzi 700 hivi, na kwenye joto hilo risasi haikai juu juu, inazama ndani ya fedha na kuila. Bangili ilitoboka mbele ya macho yangu kama muhogo uliovamiwa na fuko. Mama mkwe akiuliza, namwambia iko kwa fundi. Si uongo, fundi ndiye mimi. Yule muuzaji bado anauza, tena anatoa na ushauri bure!

Kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza ndani ya lehemu mna nini. Wakitaja risasi, au wakibabaika, toka. Vijiti vya lehemu vya mafundi friji navyo usivibebe kichwakichwa: vingine vina kadimiamu, metali yenye sumu, na moshi wake unaua mapafu. Nenda kwa sonara, umwombe akukatie kipande cha lehemu anayotumia mwenyewe, pamoja na boraksi kidogo, ule unga wa kusaidia lehemu itiririke.

Tochi? Ndogo ya gesi ya butani inatosha bangili nyembamba. Pasha kipande chote, maana fedha husambaza joto haraka. Tofali na tindikali wenzangu watakujibu.

Ila kama umeshajaribu huo waya, kwangua kwa tupa mpaka rangi ya kijivu iishe yote, kabla ya moto wowote. Na tupa hiyo isiguse tena fedha safi.