Ndugu yako akikamatwa Marekani, jinsi ya kumtafuta kwenye jela ya kaunti

Wifi yangu alinipigia saa nane usiku. "Wifi, mdogo wako hajarudi, simu inaita tu haipokelewi, kazini wanasema alitoka saa nne." Alikuwa na miezi saba tu tangu aje huku Texas, Kiingereza bado kinampa shida, na nyuma yake mtoto analia. Tukaanza na hospitali, nadhani kila mtu anaanzia hapo. Hayupo. Alafu yeye akakumbuka kwamba simu ya mumewe inaonekana kwenye ramani, tukaangalia, ipo sehemu moja pembeni ya barabara kuu na haisogei kabisa. Hapo ndo roho ilitaka kunitoka, nikavaa viatu nikaenda.

Kumbe ile sehemu ilikuwa yadi ya kampuni ya kuvuta magari. Gari lake lilikuwa mle ndani ya uzio, na simu imebaki kwenye kiti. Askari walimsimamisha barabarani, wakaingiza jina lake kwenye mashine, ikatoka hati ya kukamatwa kwa sababu alikosa siku ya mahakama ya kesi ya barabarani, wakaondoka naye na gari likavutwa. Mlinzi wa yadi ndo alituambia, tena kwa upole kabisa, "mtafuteni jela ya kaunti."

Nimeamua kuandika haya yote kwa sababu nilipoteza masaa sita kwa kutojua vitu vidogo sana, na tangu siku ile nimeshapigiwa simu na watu kama kumi wenye shida hiyohiyo, wengine wako Texas, wengine Ohio, mmoja alikuwa Dar anamtafuta mtoto wake aliyeko huku.

Kwanza elewa ni jela gani. Sisi tunasema jela au gereza kitu kimoja, huku ni vitu viwili. Kaunti ni kama wilaya ndani ya jimbo. Jela yake iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, wanakaa watu waliokamatwa juzi au jana, wanaosubiri kesi, na waliofungwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya mwaka mmoja. Kwetu tungewaita mahabusu wengi wao. Gereza la jimbo ni la waliokwishahukumiwa vifungo virefu. Kwahiyo mtu aliyekamatwa usiku wa leo usimtafute kwenye websaiti ya magereza ya jimbo, hutamwona hata ukikesha. Ila kama uko Vermont, Connecticut, Delaware, Rhode Island au Hawaii, kule hakuna jela za kaunti, jimbo lenyewe linashika wote, hapo unatafuta kwenye mfumo wa jimbo. Na Louisiana hawasemi kaunti, wanasema parish.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa: nilitafuta kwenye kaunti anayoishi. Mtu anapelekwa jela ya kaunti ALIPOKAMATWA, sio anapolala. Na mipaka ya kaunti huioni ukiwa barabarani, unaendesha dakika kumi tu umeshahama kaunti hujui. Mji wa Houston peke yake umeingia kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Montgomery, na Dallas umegusa tano. Nchi nzima kaunti ni zaidi ya 3,000 na kila sherifu ana orodha yake, hakuna sehemu moja ya serikali inayokuonyesha jela zote za kaunti kwa pamoja. Kwahiyo kabla hujataipu jina popote, fungua ramani, angalia njia anayopita kutoka kazini, andika kaunti zote inazokatiza. Mimi ningefanya hivyo ningekuwa nimeandika kaunti mbili tu kwenye karatasi, basi.

Ukishapata kaunti, andika kwenye Google jina la kaunti, jina la jimbo, alafu "sheriff inmate search" au "jail roster". Sasa hapa tulia, soma anwani kabla ya kubonyeza. Vinavyotokea juu mara nyingi ni matangazo, websaiti za watu binafsi zenye bendera na nyota kama za serikali, unajaza jina, inazunguka kama inatafuta kweli, alafu inaomba kadi ya benki. Usilipe. Orodha ya sherifu ni bure. Kumbukumbu za nani kashikwa na kwa shtaka gani ni za umma, hakuna anayekufanyia hisani kukuonyesha. Nyingi za kweli zinaishia na .gov au .us, ingawa kuna kaunti ndogo zinatumia .org au .com, ukiwa na wasiwasi piga namba ya ofisi ya sherifu waulize anwani yao ni ipi. Kaunti nyingine ndogo hazina kabisa orodha mtandaoni, hapo ni simu tu, unataja jina kamili na tarehe ya kuzaliwa wanakujibu yupo au hayupo. Kiingereza kikiwa tatizo usione aibu kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Alafu kuna muda. Mtu akifika jela hatokei kwenye orodha papo hapo. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anaulizwa maswali ya afya, vitu vyake vinaandikwa na kuwekwa kwenye mfuko, na yote hayo yanaweza kuchukua masaa, wikiendi ndo zaidi. Kwahiyo ukikuta hayupo saa tisa usiku, rudia saa kumi na moja, rudia asubuhi.

Sasa nifike kwenye jina, kwa sababu hapa ndo watu wetu wengi wanapotea na hapa ndo naomba usome polepole. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Huku wana jina la kwanza, la kati na la mwisho, na askari anaandika kilichopo kwenye leseni au alichosikia. Mdogo wangu leseni yake ina majina mawili ya mwisho yameunganishwa bila nafasi, sisi tulikuwa tunajaza la babu peke yake, mashine inajibu hakuna. Tumejaza hivyo mara ishirini labda. Asubuhi karibu saa mbili, nimechoka, nikaweka herufi tatu tu za mwanzo za jina la baba na mwaka wa kuzaliwa, yakatoka majina kumi na moja, na la sita lilikuwa lake. Picha ikafunguka: fulana ya kazini ileile niliyomwona nayo Jumapili, macho mekundu. Wifi aliweka mkono juu ya kioo cha simu akanyamaza muda mrefu.

Kwahiyo usijaze jina zima. Weka herufi tatu nne. Geuza, la mwisho liweke kwenye kisanduku cha kwanza na la kwanza kwenye cha mwisho. Abdallah jaribu Abdalla na Abdullah, Hamisi jaribu Hamis, jina lenye herufi mbili zinazofuatana jaribu moja. Wakongomani na Warundi mliokuja kwa ukimbizi wengi makaratasi yenu yamechanganya jina na la ukoo, tafuta yote mawili. Kama pasipoti ilikuwa na jina moja tu, viza huwa wanaandika FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani) pale kwenye jina la kwanza, basi tafuta hiyo FNU kama ndo jina lake, usicheke, nimeshampata mtu kwa njia hiyo. Tarehe nayo, huku mwezi unatangulia, 04/09 ni Aprili tarehe tisa. Na kama ni kati ya wale walioandikwa wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, tarehe haitakusaidia sana, tumia jina.

Ukimpata, piga picha ya ukurasa hapohapo na uandike namba yake ya jela. Hiyo namba ndo utaulizwa kila sehemu, kwa wakili, kwenye dhamana, kuweka hela ya simu. Soma shtaka, soma kiasi cha dhamana, soma kama kuna neno "hold" au "detainer", maana yake kuna ofisi nyingine inamtaka, kwahiyo ukilipa dhamana ya hii ya kwanza anaweza asitoke. Usikimbilie kulipa kabla hujauliza hilo. Madalali wa dhamana, wale wafanyabiashara wanaokuwekea dhamana, kwa kawaida wanachukua asilimia 10 ya dhamana na hiyo hairudi hata kesi ikifutwa, ukimlipa sherifu au mahakama dhamana nzima wewe mwenyewe, inarudi kesi ikiisha kama amehudhuria, japo wanaweza kukata ada. Kentucky, Wisconsin, Oregon hawana madalali hao, na Illinois imefuta dhamana ya fedha kabisa tangu Septemba 2023. Aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa, katiba ya huku inataka hakimu aangalie kama kuna sababu ya kumshikilia, kwa kawaida ndani ya masaa 48.

Siku ya pili jina lake likatoweka kwenye orodha. Nilitetemeka, nikajua ndo wamempeleka uhamiaji. Nikapiga simu jela, dada mmoja akaniambia amechukuliwa na kaunti jirani, ile iliyotoa hati. Kwahiyo jina likipotea usianze kulia, uliza katoka au kahamishwa, na kahamishwa wapi. Kuna huduma ya bure inaitwa VINE, unaweka namba ya simu inakutumia ujumbe mtu akihamishwa au akiachiwa. Ilianza Louisville, Kentucky, mwaka 1994, baada ya dada mmoja, Mary Byron, kuuawa Desemba 1993 na mpenzi wake wa zamani aliyekuwa ameachiwa jela na hakuna aliyemwambia. Iliwekwa kwa ajili ya waathirika, lakini katika sehemu nyingi familia pia inaweza kujisajili.

Kama kweli ni uhamiaji, ICE, yaani idara ya uhamiaji inayokamata watu, wana sehemu yao ya kutafuta mtandaoni, na ile ni kinyume na kaunti, haikubali herufi tatu, jina lazima liwe lilelile kabisa walilonalo wao, na unaweka pia nchi aliyozaliwa, au uwe na ile namba ya uhamiaji inayoanza na A, yenye tarakimu tisa, ikiwa na nane ongeza sifuri mbele. Iko kwenye kadi ya kijani, kwenye kibali cha kazi, kwenye barua za uhamiaji. Walio chini ya miaka 18 hawaonekani humo. Na ujue ICE wanakodi nafasi kwenye jela za kaunti, mtu anaweza kuwa jengo lilelile lakini yuko mikononi mwa wengine. Watanzania, kitu wengi hawajui, Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani LAZIMA iujulishe ubalozi raia wake akikamatwa, hata asipoomba. Wakenya sio lazima, ila ana haki ya kuomba kwa Mkataba wa Vienna wa 1963, kwahiyo aombe. Kwa mkimbizi mwenye kesi ya hifadhi, azungumze na wakili kwanza kabla ubalozi haujahusishwa.

Akikupigia kutoka ndani, simu inarekodiwa. Muulize amekula, anaumwa, ana dawa zake. Habari ya kilichotokea asiseme hata neno, hata kwa Kiswahili, hata kwa Kilingala, wakalimani wapo.

Na ile orodha unayoisoma wewe, matapeli nao wanaisoma. Jioni ya siku ya pili mtu alimpigia wifi, anajua jina la mumewe, shtaka, mpaka kiasi cha dhamana, anasema yeye ni sajenti, tuma hela kwa Zelle, ile huduma ya kutuma hela kwa simu kutoka benki, sa hizi atoke usiku huu. Alishaanza kutafuta hela. Jela haipigi simu kuomba Zelle wala kadi za zawadi. Kata, alafu piga namba ya jela uliyoitoa mwenyewe kwenye websaiti yao.

Ombi langu la mwisho ni hiyo picha. Naomba sana usiitume kwenye grupu la familia. Sisi aliituma ndugu mmoja kwa nia njema kabisa, tuombe dua, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Tanga kwa mama, akiwa peke yake sokoni. Mtu aliyekamatwa hajahukumiwa. Andika tu kwa maneno kwamba amepatikana, yuko mzima, tunatafuta wakili.

Mdogo wangu alitoka siku ya nne. Kwenye friji la wifi sa hizi kuna karatasi, majina yake yameandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye leseni, tarehe ya kuzaliwa kwa mtindo wa huku, namba ya A, kaunti mbili na simu za jela zake, na chini namba yangu, maana mle ndani simu yako hunayo na namba za kichwani watu hatuna tena. Yeye ameishika yangu kwa moyo, mtoto pia tumemfundisha.